Chumvi ni ya Mwenye Sufuria

Mkuu wa mradi kule Mikumi aliniambia nivigandishe vipande. Alilitumia neno hilohilo, kugandisha, kama vile nimemletea maji na yeye anataka barafu. Nikamwambia hapana. Akacheka, akidhani ni utani, maana yeye ni Mzaramo na babu yangu alikuwa Mnyamwezi, na watani wakikataliana jambo watu wote hungoja kucheka. Nikarudia hapana, safari hii nikimtazama usoni. Kicheko kikakatika.

Ninaandika tulivyofika pale kwa sababu nimesikia ikisimuliwa hapa Kilosa kwamba nilikataa kwa kiburi cha mtu ambaye hakusoma. Kiburi ninacho, sibishi. Lakini hakikuanzia Mikumi. Kilianzia Kimamba, kwenye sufuria ya mama.

Mama aliuza maharage ya kuchemsha. Aliyapika kwa kuni nyuma ya nyumba, jirani na reli, mpaka yanaiva na ngozi kuanza kupasuka, kisha akakaa nayo barazani na bakuli la kupimia. Maharage hula kuni, na kuni zilikuwa za shida, kwa hiyo mtu aliyetoka shambani jioni aliona heri anunue yaliyokwisha kuiva akaunge mwenyewe. Na mama alikuwa na sheria moja. Hakutia chumvi. Hakutia kitunguu, wala nazi, wala chochote. Maji na maharage, basi.

Mgeni akionja alikunja uso. "Mama, leo umesahau chumvi."

"Sijasahau. Chumvi ni ya mwenye sufuria."

Bakuli moja lilikwenda kwa mzee mwenye presha ambaye chumvi alikatazwa kabisa. Jingine lilikwenda nyumba ya pili, likachanganywa na mahindi yakawa makande. Fundi baiskeli aliyaunga kwa nazi. Mwalimu aliyeishi peke yake aliyaponda akala na mkate. Yote yalitoka sufuria moja. Mama angeyatia chumvi yangekuwa chakula chake yeye, na mtaa mzima ungelazimika kula kwa ulimi wake. Mimi nilikuwa mdogo na niliona ni ubahili tu. Nilikuja kuelewa baadaye, wakati sufuria imekuwa yangu.

Baba alitangulia. Alikuwa kibarua kwenye shamba la mbegu Kilangali, akaugua, akafa. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wetu wa kike. Mdogo wangu wa kiume ni kiziwi. Homa kali ilimpata akiwa bado mchanga, ikamwachia uhai ikaondoka na masikio.

Siku ya kuanua tanga wazee walikaa kugawa. Vyombo vilikuwa vichache, vikaisha upesi. Wakatugeukia sisi.

"Huyu wa kiume nitakwenda naye Tabora," akasema baba mkubwa. "Akachunge ng'ombe. Kuchunga hakutaki masikio."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kupumzisha kifua. Kitinda mimba akapewa shangazi, aende naye Morogoro. Kuhusu mimi hawakusema mengi. Nilikwisha kuwa mwanamke, walisema, nitapata mtu.

Begi la nguo za wadogo zangu lilikuwa limekwisha kufungwa, liko mlangoni. Nikaenda nikalikalia.

"Inuka, mtoto," akasema shangazi.

"Wazee wangu, ninawaheshimu. Hatutoki."

"Hamtoki? Utawalisha nini?"

"Maharage."

"Maharage yasiyo na chumvi!" Shangazi akawageukia wanawake wenzake. "Hayo si ya mahabusu hayo?"

"Chumvi watanunua wenyewe," nikasema.

Nilikaa juu ya begi lile mpaka gari lao likakaribia kuwaacha. Baba mkubwa alipokuwa akipanda alisema kwamba kabla mvua hazijanyesha nitamfuata Tabora kwa miguu yangu, tena nikilia. Mvua zimenyesha miaka mingi tangu hapo.

Shule niliiacha wiki ileile. Sikuiacha kwa kuichukia. Sufuria haisubiri kengele. Nilipika, niliuza, na mdogo wangu nikampeleka shule ya viziwi, bweni, mbali na kwetu. Alirudi likizo ya kwanza akiwa na lugha ya alama kamili, na alama zetu za nyumbani akazidharau kama mtu wa Dar anavyodharau lafudhi ya kijijini. Alitupa majina upya. Jina langu ni ngumi inayozunguka, mtu anakoroga chungu. Jina la kitinda mimba ni vidole vinavyofunguka na kufunga mbele ya mdomo, kwa sababu haachi kusema. Mdogo wangu wa kiume sasa ni fundi wa kuchomelea hapa Kilosa, na hakuna mtu wa mtaani kwetu ambaye hana jina kwake, mengine siwezi kuyaeleza mbele ya wenyewe.

Baadaye nilihamia Kilosa mjini, nikafungua kibanda karibu na stesheni. Mwanzoni nilichaji simu na kuweka nyimbo kwenye memori kadi. Kisha watu wakaanza kuniomba niunganishe picha za misiba na harusi, niweke maandishi, niweke kwaya nyuma yake. Nilikuwa na kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ilikuwa imekufa, ukichomoa waya inazimika. Juu ya kompyuta hiyo nilijifunza kuandika programu, asubuhi kabla wateja hawajaja, kwa masomo ya bure ya mtandaoni na kamusi ya Kiingereza mapajani. Sikuambiwa na mtu yeyote kwamba siwezi, kwa sababu sikumwambia mtu yeyote.

Ndipo wakaja watu wa Mikumi.

Shirika lao lilikuwa linawafundisha wakulima wa pembezoni mwa hifadhi namna ya kuishi na tembo. Kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu na pilipili. Uzio wa mizinga ya nyuki. Tembo akiingia shambani usimfuate na tochi, piga simu kwa askari wa wanyamapori. Masomo hayo yalikuwa video, zimetengenezwa Dar, nzuri sana. Shida yake ni kwamba zilikuwa kitu kimoja. Sauti ilikuwa imeshikana na picha, maandishi yameshikana na sauti. Ukifika kwa wafugaji, wazee wengi wanasikia Kimaasai tu, huwezi kubadilisha sauti. Kikibadilika kitu kidogo, video nzima inarudi Dar. Wakataka programu ya simuni ambayo afisa wao wa kijijini ataweza kutengeneza somo mwenyewe. Kuna mtu alikuwa ameona video yangu ya msiba, akawaelekeza kwangu.

Nilijua la kufanya kabla hawajamaliza kueleza. Nilimwona mama barazani na bakuli lake.

Nilianza kwa maboksi ya sabuni. Nilikata vipande vya karatasi ngumu vyenye ukubwa mmoja. Juu ya kimoja nikachora jicho, ndiyo picha. Kingine nikachora mdomo, ndiyo sauti. Kingine herufi, ndiyo maandishi. Nikatandika mkeka, nikawaita wadogo zangu, nikawaambia watengeneze somo la tembo. Kitinda mimba alipanga haraka: jicho, mdomo chini yake, herufi chini yake. Akageuza. Akatoa mdomo akaweka mwingine. Nilikuwa ninatazama mikono yake. Kila alipoonyesha kusita, nilijua hapo programu yangu ina kasoro, kwa sababu karatasi haina maelezo ya kumwokoa.

Sheria nilizoziweka zilikuwa chache. Kipande kisimjue jirani yake. Picha isijue ni sauti gani itakayowekwa chini yake. Sauti isidai picha fulani. Kila kipande kiseme mambo mawili tu: nimebeba nini, na nina urefu gani. Na kingo za vipande vyote zifanane, ili chochote kiweze kushikana na chochote. Vitufe viwe vya maneno yetu: Leta, Panga, Badili, Tazama. Hicho ndicho nilichokuwa ninakiita maharage yaliyoiva. Kazi ngumu ya kuni imekwisha kufanyika, picha imepigwa vizuri, sauti imesafishwa. Chumvi ataweka afisa wa kijiji, anayewajua walaji wake.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameukalia ukingo wa mkeka, kimya, mikono mapajani. Kwake huo ni ukimya wa kweli. Nikamuuliza vipi.

"Mimi niko wapi?" akaniuliza kwa alama.

Nikamwonyesha. Kwenye kipande cha jicho, pembeni chini, nilikuwa nimechora duara dogo. Hapo atakaa mtu wa kutafsiri kwa alama, kama kwenye taarifa ya habari.

Akaliinamia lile duara, akaliinamia tena zaidi, kama mtu anayetafuta sindano. "Umeniweka kwenye kona kama mjusi."

Kitinda mimba akaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alichukua mkasi, akakata kipande kipya, ukubwa uleule wa vingine, akachora juu yake mikono miwili. Akakiweka chini ya jicho, mahali pa mdomo. Kisha akaondoa herufi, akakisogeza katikati. Kilishikana vizuri kila mahali, kwa sababu kingo zilikuwa zilezile.

Basi mikono ikawa kipande, sawa na sauti. Mkutano ukiwa na viziwi, afisa anaweka mikono, nayo inachukua nusu ya kioo. Ukiwa hauna, anaiacha. Mdogo wangu ndiye aliyerekodi yote, amesimama mbele ya shuka ya bluu kibandani kwangu, amevaa ovaroli yake ya kazini kwa sababu alikataa kuvaa shati la kuazima. Katika somo la pilipili, anapofika kwenye harufu inayomfukuza tembo, anafanya uso wa baba mkubwa akionja maharage ya mama. Watu wasiomjua baba mkubwa hucheka vilevile.

Maafisa waliipokea programu. Hawakuipokea wote kwa furaha. Mmoja alilalamika kwamba zamani alibonyeza mara moja tu akakaa kivulini, sasa lazima afikiri. Lakini walizoea. Sauti za Kimaasai zilirekodiwa, za Kisagara pia, na kitinda mimba alisoma za Kiswahili zote, akalipwa kwa kusema, jambo ambalo alilitangaza Kimamba nzima.

Kisha ikatokea aibu. Afisa mmoja, mbele ya mkutano wa kijiji, alishikanisha picha ya vitambaa vya pilipili na sauti ya uzio wa nyuki. Vitambaa vinapepea kwenye kamba na sauti inasema waache watulie, wakishaingia watajenga wenyewe. Bibi mmoja akauliza kama hayo matambara yatazaa. Mkutano ukavunjika kwa vicheko, na habari ikafika ofisini kabla ya afisa mwenyewe.

Nilirekebisha. Vipande vya somo moja nikavipa rangi moja pembeni, na mtu akichanganya rangi programu inamuuliza kwanza kama kweli anataka hivyo. Haimzuii. Inamuuliza. Niliona inatosha.

Mkuu wa mradi hakuona hivyo. Aliniita Mikumi.

"Shikamoo, mtani," nikasema mlangoni.

"Marahaba, mjukuu wa manamba. Umekuja kwa miguu kama babu yako, au siku hizi mnapanda magari?"

"Nimepanda gari. Babu alitembea kwa sababu Wazaramo walimwibia viatu njiani."

Maafisa waliokuwa ofisini wakacheka, naye akacheka, akanivutia kiti. Hakuwa mtu mbaya. Ninalisema hilo wazi. Chai iliagizwa, tukaulizana habari za nyumbani, ndipo akasema.

"Sikiliza. Wageni wanakuja, wale wanaotuwezesha. Siwezi kusimama mbele yao na kitu ambacho kila mtu anakipanga anavyotaka. Nataka masomo yaliyokamilika. Ukibonyeza, linacheza mwanzo hadi mwisho. Hakuna kuchomoa, hakuna kuchomeka. Vigandishe."

"Na mikono?"

"Rudisha pembeni. Kiduara kinatosha. Mbona televisheni wanafanya hivyo? Sasa hivi inakula nusu ya kioo, tembo haonekani."

"Hapana," nikasema, na hapo ndipo alipocheka. Nikarudia.

"Mtani, watu wanataka chakula kilichoiva. Hawataki kupewa unga na kuni."

"Maharage yangu yameiva. Ila hayana chumvi."

"Maharage gani tena?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa heshima, jinsi kitu kinavyoweza kuwa kimekamilika na bado kikaacha nafasi ya anayekipokea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Nimekuelewa. Ila shule ikimshinda mtu, angalau kusikia kusimshinde."

Maafisa wakatazama meza. Kwetu utani hauna hasira. Mtani ataniita mtumwa wake nami nitamwitikia, atakaa njiani kwenye mazishi ya ndugu yangu akidai soda, nami nitampa. Lakini mtani husema jambo asiloliamini, ndiyo maana haliumi. Yule alikuwa amesema jambo analoliamini.

"Ninasikia vizuri," nikamwambia. "Jibu ni lilelile."

"Basi yupo kijana Morogoro atavigandisha wiki hii."

"Mpeni. Picha ni zenu, sauti ni zenu, ndivyo tulivyokubaliana. Nitawapa zote, kila kimoja na jina lake. Kugandisha, mkono wangu haufanyi hiyo kazi. Programu ni yangu, ninaondoka nayo. Na ile mikono mnaijua ni ya nani. Hatukuandikiana juu yake. Nitamuuliza mwenyewe."

"Muulize. Akikubali kona, kazi za kurekodi zitabaki kwenu."

Njiani kurudi Kilosa niliona wazi kilichoko mezani. Kibanda kilikuwa kinasimama kwa kazi ile. Kitinda mimba alikuwa ameanza kujenga. Na nilikuwa ninakwenda kumwambia mdogo wangu kwamba ama arudi kwenye kona, au sote turudi kwenye nyimbo za memori kadi.

Nilimkuta karakanani kwake, kitinda mimba naye yuko pale, ameleta chakula. Nikawaeleza kwa mikono na kwa mdomo, vyote pamoja, ninavyofanya nikiwa na wote wawili.

"Wape," akasema mdogo wangu papo hapo, akarudi kwenye sahani.

"Niwape?"

"Kona nimeizoea. Tule kwanza. Mikono mikubwa itakulisha?"

Nikaanza kumjibu kwa hasira, nikisema siwezi, siwezi kabisa, hata akikubali yeye mimi sikubali. Akaniacha nimalize. Kisha akafuta vidole kwenye ovaroli, taratibu.

"Wewe hujawahi kuniuliza kitu. Siku ile ulikalia begi. Uliniuliza? Labda nilitaka ng'ombe."

Kitinda mimba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza. Kweli sikumuuliza. Nilikalia begi kwa ajili yake na hakuna aliyemtafsiria siku ile kilichokuwa kinasemwa, si wazee, si mimi.

"Ulitaka?" nikamuuliza.

Akafikiri, akakodoa macho juu kama mtu anayehesabu mifugo. "Sasa hivi ningekuwa tajiri. Nyinyi mngekuja Tabora kuomba maziwa."

"Jibu vizuri."

"Sikutaka."

"Basi leo ninakuuliza. Mikono ni yako. Niwape au nisiwape?"

Alinyoosha mkono akachukua simu yangu, akatafuta video moja ya zamani iliyo na mtafsiri kwenye kiduara, akaiweka juu ya pipa, karibu na mlango. Akanivuta mpaka ukuta wa nyuma wa karakana, akamvuta na kitinda mimba, tukasimama watatu tukitazama. Ndivyo watu wanavyosimama kwenye mikutano ya kijiji. Mbele ni watoto, viziwi wako nyuma na wazee, kwa sababu hakuna anayejua kwamba wangehitaji kukaa mbele.

"Unaona vidole?"

"Sioni."

"Unaona mtu?"

"Ninaona kitu kinatikisika."

"Mjusi," akasema. Akaenda akachukua simu, akanirudishia. "Wasipewe. Na usiwaambie nimesema kwa ajili yako. Nimesema mimi."

Nikawapigia Mikumi kesho yake, nikasema hivyohivyo: mwenyewe amesema. Waliendelea bila sisi. Kijana wa Morogoro aliyagandisha masomo, na sitamsema vibaya, aliifanya kazi aliyopewa. Yakatoka yakiwa safi. Hayakuwa na mikono kabisa, si mikubwa wala ya kona. Wageni walikuja wakaridhika, niliambiwa.

Mwaka ule ulikuwa mwembamba. Kitinda mimba aliezeka chumba kimoja badala ya viwili, akanisemea maneno yanayomstahili mtu mwenye jina lake. Nilirudi kwenye memori kadi na misiba. Lakini programu sikuiweka kabatini. Niliisafisha ikawa nyepesi, nikaanza kuigawa kwa Bluetooth kwa kila aliyekuja kibandani, pamoja na vipande vya mikono na picha nilizokuwa nimezipiga mwenyewe. Mama mmoja wa Chanzuru alitengeneza kwayo tangazo la kikundi chao cha kuweka akiba. Vijana wa kwaya waliutoa wimbo wao na maneno yakipita chini. Mfugaji mmoja aliyekuja kuchaji simu alikaa kutwa nzima akiweka sauti yake ya Kimaasai juu ya picha za ndama mgonjwa, akarekodi, akafuta, akarekodi, mpaka mke wake akaja kumtafuta. Aliponionyesha sikuelewa neno hata moja. Nilifurahi kuliko siku niliyolipwa na Mikumi.

Masika yaliyofuata, pikipiki yenye tope mpaka kwenye usukani ilisimama mbele ya kibanda. Alikuwa yule afisa wa matambara yanayozaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea." Akavua kofia. "Namba ya askari wa wanyamapori imebadilika. Masomo yote yanataja ya zamani. Watu wanapiga, haipokelewi, na tembo wako kwenye mahindi. Wakaanza kuwafuata na tochi. Juzi mzee mmoja amevunjwa mguu akikimbia."

"Ofisini wanasemaje?"

"Wanasema kijana yuko kwenye kazi nyingine, tusubiri."

Wapo wanaosimulia habari hii kama ushindi wangu, kwamba namba ilinitetea. Siitaki simulizi hiyo. Sikujua kwamba namba ingebadilika. Nilikataa kabla haijabadilika, na ningekataa hata kama isingebadilika mpaka leo. Mguu wa mzee haukuvunjika ili mimi nionekane nina akili.

Nilimtuma kitinda mimba arekodi namba mpya, sauti tu, sentensi moja. Nilimpungia mdogo wangu upande wa pili wa barabara. Alikuja akiwa amesukuma miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, akasimama mbele ya shuka, akaitaja namba kwa vidole, tarakimu moja moja, polepole. Mkono wa kulia ulikuwa na kovu jipya la moto karibu na kidole gumba. Kwenye kioo lilionekana wazi. Afisa aliliona, nikamwona analiona.

Nikavihamishia vipande vyote viwili kwenye simu yake, pamoja na programu, ambayo alikuwa ameifuta.

"Dada," akasema, akiitazama ile simu kama ninavyotazama mimi injini ya pikipiki, "naomba unifungie somo kabisa. Niondoke nalo zima. Unajua mimi, nitakosea tena mbele za watu."

"Sifungi."

"Somo moja tu."

"Hata moja." Nikavuta kigoda kutoka chini ya meza, nikakisukuma mbele yake. "Unakwenda kwa wafugaji au kwa wakulima? Kuna kiziwi? Kuna wazee wasiojua Kiswahili? Mimi sijui, wewe ndiye unayejua. Kaa hapo. Panga mwenyewe."

Mdogo wangu, aliyekuwa bado amesimama mbele ya shuka, akaniuliza yule mtu anataka nini. Nikamwambia. Akamtazama afisa juu mpaka chini, akampa jina pale pale, alama ambayo sitaieleza.

Afisa akakaa.